UZI: Miezi kumi na moja nikimeza dawa ya thairoidi kwa chai ya maziwa

MamaGorogoro, Nakuru

Wadau, hamjambo. Mvua imenifungia dukani tangu saa nane, wateja hakuna, acha nitoe hii habari niliyoikalia miezi mingi.

Mimi nauza nafaka hapa Nakuru. Mwaka juzi nilianza kupotelewa na hesabu. Mteja anataka gorogoro sita za mahindi, napima ya kwanza, ya pili, ya tatu, halafu nasimama na mkebe mkononi sijui nimefika ya ngapi. Mteja naye anatazama kando, ananionea aibu. Mwezi wa saba nilikuwa navaa sweta mbili na leso juu yake. Najua Nakuru ina baridi, lakini jua la saa saba limewaka na mimi nimejikunyata kama kuku mwenye kideri! Nywele zikawa zinabaki kwenye kitana. Choo mara moja kwa siku tano. Sauti ikawa nzito mpaka dada yangu akinipigia simu anadhani ameshika mume wangu.

Nilitibiwa homa ya matumbo mara mbili. Nikatibiwa malaria. Nikapewa vidonge vya kuongeza damu, hivyo nikaendelea navyo. Shangazi akasema ni miaka arobaini hiyo, zoea. Jirani akasema nimefungwa, na mtu wa kunifungua anamjua.

Mwishowe klinikal ofisa mmoja kijana, ambaye alinishika shingo kabla hajanishika mkono, aliniandikia kipimo cha TSH. Majibu: 38. Kando wameandika kawaida ni 0.4 hadi 4. Nikajiambia basi thairoidi yangu imepanda, inafanya kazi kupita kiasi. Kumbe ni kinyume kabisa, na alivyonieleza sijasahau.

Akasema, mama, fikiria steji. Matatu ikiwa imejaa, makanga anapaza sauti ya nini? Anapiga bodi mara mbili, wanaondoka. Ikiwa tupu ndipo unamsikia kutoka mtaa wa pili. Sasa TSH ni kelele za makanga. Inatoka kwenye tezi ndogo kama punje ya njegere iliyo chini ya ubongo, inaitwa pituitari, na anayepigiwa kelele ni thairoidi hapa shingoni. Thairoidi ikitoa homoni ya kutosha, pituitari inaionja kwenye damu, inanyamaza. Isipotoa, inaitwa. Isipojibu, inaitwa zaidi. Hiyo 38 si nguvu ya thairoidi yangu, ni ukelele wa anayeiita.

Nikaanzishiwa levothairoksini, yaani homoni ya thairoidi kwa kidonge, mikrogramu 50. Baada ya wiki nane, TSH 24. Nikapandishwa 75. Ikaja 22. Nikapandishwa 100, ikaja 20. Nikapandishwa 125, halafu 150, ikaja 19. Daktari akavua miwani akaniuliza: "Lakini unameza kweli?" Niliumia. Dawa nameza kila siku saa kumi na mbili unusu, watoto wangu ni mashahidi.

Siku nyingine niko kwa duka la dawa nikinunua za mwezi, yule msichana wa kaunta akauliza bila hata kuinua macho, "Unamezea nini?" Nikasema chai. "Chai ya rangi?" Ya rangi ya nini, mimi nina ng'ombe nyumbani! Ya maziwa, tena maziwa yamezidi maji. Hapo ndipo akaniangalia. Akauliza kama kuna dawa nyingine nameza saa hiyo. Nikasema ndiyo, zile za damu.

Basi. Kalsiamu ya maziwa inaishika dawa tumboni isiingie kwenye damu, na madini ya chuma ya vidonge vya damu yanafanya vivyo hivyo. Miezi kumi na moja nilikuwa nanunua dawa nikiipeleka chooni. Sasa nameza kwa maji matupu, nakaa saa nzima, ndipo chai. Vidonge vya damu nilihamishia usiku, maana vinahitaji kuwa mbali na dawa hii kwa saa nne hivi.

Na msidhani mambo yaliishia hapo. Nilikuwa nimeachwa kwenye 150, na sasa yote inaingia. Wiki ya tano moyo ukaanza kukimbia usiku nimelala. Mikono ikatetemeka mpaka nikishindwa kusawazisha gorogoro, ule mkono wa kufagia juu mahindi yakae sawa na ukingo, nafagia na kumwaga nusu. Kupima tena: 0.1. Makanga amenyamaza kabisa, gari limebeba kupita kiasi. Nikashushwa hadi 100, na sasa niko 2.1, nahesabu gorogoro hata arobaini bila kukosea. Kwa hivyo ukigundua ulikuwa unakosea kumeza, usirekebishe kimyakimya. Mwambie daktari, dozi itahitaji kuangaliwa upya.

Kuna mwingine humu mwenye mambo ya tezi? Tuongee.

Omosh_Dunga, Kisumu

Pole mama. Lakini haya yote ni kwa sababu nyinyi watu wa Nakuru mnakula nyama na viazi. Kuleni omena. Samaki wana iodini, thairoidi inataka iodini, hesabu imeisha. Huku Dunga hatujui mambo ya rovu.

MwalimuChaki, Vihiga

Omosh, samaki wa baharini ndio wenye iodini nyingi, kwa sababu bahari ndiyo ghala lake. Ziwa letu ni maji baridi, omena wana protini na kalsiamu tele, lakini iodini yao ni ndogo. Ikiwa hamna rovu Dunga, shukuruni pakiti ya chumvi, msimshukuru omena.

Halafu mama hapo juu hakusema anakosa iodini. Watu wazima wengi siku hizi wenye thairoidi iliyochoka ni kinga yao ya mwili imeigeukia tezi, ikaishambulia kama mgeni. Daktari wa Japani, Hakaru Hashimoto, ndiye aliyeueleza ugonjwa huo mwaka 1912. Hapo hata umwage chumvi sufuria nzima hutafufua tezi, utapandisha presha tu.

Omosh_Dunga

Mwalimu umenivua samaki wangu mchana kweupe. Sawa. Sasa hiyo iodini ya chumvi ni ya kazi gani hasa?

MwalimuChaki

Ndiyo tofali lenyewe. Homoni ya thairoidi, thairoksini, ni asidi amino moja iliyobandikwa atomu nne za iodini. Ndiyo maana kwenye karatasi ya maabara inaitwa T4. Ikifika kwenye viungo, atomu moja inabanduliwa, inabaki T3, na hiyo ndiyo inayochapa kazi yenyewe: kuamua kila seli iwake moto kiasi gani. Ndiyo maana Mama Gorogoro alihisi baridi. Jiko lilikuwa limepunguzwa.

Kiasi kinachotakiwa ni kidogo cha kuchekesha. Mtu mzima anahitaji mikrogramu 150 kwa siku. Nimewapigia wanafunzi hesabu ubaoni: ukiishi miaka 70, iodini yako yote ya maisha haifiki gramu 4. Lakini ikikosekana, pituitari inapiga kelele mwaka baada ya mwaka, na thairoidi kwa kutaka kutii inajijenga, inaongeza nyama, inatanuka ili inase kila chembe inayopita. Uvimbe huo wa shingoni ndio rovu. Nyanya yangu alikuwa nalo, alilifunika kwa kitambaa hata jikoni. Hakuwa mgonjwa wa tezi, tezi yake ilikuwa mtumwa hodari asiyepewa malighafi. Chumvi ya dukani ilipoanza kutiwa iodini Kenya, miaka ya 1970, kizazi chake ndicho kilikuwa kimeshachelewa.

Angalizo kwa sisi Waluhya wapenda mrenda: munyu wa kienyeji, ule unaochujwa kwenye majivu, ni mtamu na unalainisha mboga, lakini hauna iodini ya kutegemea. Tumieni, ila chumvi ya pakiti isikosekane. Na msiiache wazi juani au kando ya moto, iodini huponyoka.

Papaa_Busia

Mwalimu kwa vile umegusa chakula, jibu hili pia. Huku kwetu ugali ni wa muhogo na mtama. Binti yangu amerudi kutoka chuo anasema muhogo unaua thairoidi. Kwa hiyo babu zetu wote walikuwa maiti?

MwalimuChaki

Binti amesoma, ila amesoma nusu ukurasa. Muhogo, hasa ule mchungu, una kitu kinachotoa sayanidi ukikatwa au kusagwa. Ini linaigeuza iwe thayosayaneti isituue, lakini hiyo nayo inagombea mlango na iodini pale thairoidi inapoingizia mali. Mahali ambapo iodini ni haba na muhogo haukuandaliwa vizuri, rovu huongezeka. Iodini ikiwa ya kutosha, na muhogo ukaandaliwa kama mnavyouandaa nyinyi, hakuna kesi. Mnauandaaje?

Papaa_Busia

Mama watoto anamenya, anakata vipande, anarundika chini ya majani siku tatu nne mpaka uote ukungu mweusi na chumba kizima kinuke. Anaukwangua ule ukungu kwa kisu, anaanika juu ya mwamba mpaka ukauke ukilia kama kijiti ukivunjwa. Ndipo posho mili. Mtu anayekula bila kuurundika ni mvivu, na huku kwetu anajulikana.

MwalimuChaki

Mwambie binti kuwa huo ukungu na hilo jua ndiyo maabara. Sayanidi nyingi inatorokea hapo. Na asianze sasa kuogopa sukuma wiki, najua hiyo ndiyo itafuata. Ni jamii ya kabichi, ina vijisumu vya aina hiyo vichache, moto unavipunguza sana.

NyweleNdefu_Nax

Mama Gorogoro hizo nywele zingenitafuta mimi, nina vidonge vya biotini, mwezi mmoja tu unaona tofauti. Inboksi iko wazi.

MkungaLurambi, Kakamega

Dada NyweleNdefu, biashara yako sitaiharibu, lakini waambie wateja wako jambo moja. Biotini ya dozi kubwa inachanganya mashine nyingi za maabara. TSH inaweza kusomeka chini na T4 ikasomeka juu wakati mtu yuko sawa, au mgonjwa akaonekana mzima. Aache angalau siku mbili kabla ya kutolewa damu, na amwambie anayempima. Mimi ni muuguzi, nimekuwa wodi ya wazazi zaidi ya miaka kumi, na karatasi za maabara zimeshanidanganya zaidi ya watu.

Kondele_Finest

Mimi swali la haraka. Mama yangu ana kisukari, anajidunga insulini kila siku, tumbo limejaa alama. Kwa nini Mama Gorogoro ameze homoni na mama yangu adungwe? Kampuni za dawa zinatuchezea?

MwalimuChaki

Insulini ni protini, minyororo miwili iliyounganishwa, jumla asidi amino 51. Ukiimeza, tumbo halijui kama hiyo ni dawa, litaimeng'enya kama kipande cha mutura. Thairoksini ni kitu kidogo mno, inapenya nzima. Hakuna anayekuchezea. Kabla ya Januari 1922, mtoto mwenye kisukari cha kukosa insulini alikuwa anasubiri kufa tu. Mwezi huo kule Toronto mvulana wa miaka 14, Leonard Thompson, ndiye alikuwa wa kwanza kudungwa, insulini ikiwa imetolewa kwenye kongosho la ng'ombe. Sindano ya kwanza ilikuwa chafu, haikusaidia sana. Wakaisafisha, wakarudia siku chache baadaye, sukari ikashuka.

Na kwa wapenda historia: neno "homoni" lenyewe lilitungwa mwaka 1905. Aliyelitumia ni Starling, na yeye na shemeji yake Bayliss, wanasayansi wa London, walikuwa wamekata mishipa yote ya fahamu ya kipande cha utumbo wa mbwa, wakatia asidi, na kongosho likajibu vilevile. Habari ilikuwa imepita kwenye damu! Watu walikuwa wakidhani mwili una simu za waya tu, kumbe kuna barua pia, zinapita kila nyumba na anayefungua ni yule mwenye ufunguo.

Mzee_wa_Section58

Haya yote hayapo. Mtu akipoteza hesabu amerogwa. Nyinyi endeleeni na barua.

MamaGorogoro

Mzee, yule mtu wa kunifungua alitaka mbuzi wawili. Dawa yangu ya mwezi haifiki bei ya kwato.

Kondele_Finest

😂😂 Na niongeze: huku mtaani kuna vidonge vya mgongo vinauzwa kwa karatasi, unameza unapona siku hiyohiyo, unanenepa mashavu, unasikia njaa ya simba. Mjomba ametumia mwaka, akaacha ghafla, wiki ile ile akaanguka chooni. Wakasema presha imekwisha kabisa.

MkungaLurambi

Hiyo naijua bila kuiona. Mara nyingi ni deksa au prednisoloni, yaani steroidi, ndugu wa kotisoli. Kotisoli inatengenezwa na tezi mbili zilizokaa juu ya figo kama kofia, adrenali, na ndiyo inayoshikilia presha na sukari yako ukiwa mgonjwa au umeumia. Ukimeza steroidi kila siku, pituitari inaionja kwenye damu kama vile ilivyoonja thairoksini ya Mama Gorogoro, inasema kumbe ipo, inanyamaza. Adrenali zisipoitwa miezi mingi zinalala na kusinyaa. Siku unaacha ghafla, ya dukani haipo na ya nyumbani haijaamka. Kwa hivyo mtu aliyetumia muda mrefu haachi tu, anashushwa polepole na daktari. Na mjomba aeleze hospitali alikuwa anatumia nini, hata kama anaona haya.

Mulembe_Bungoma

Mimi nimesoma uzi huu wote kimya tangu uanze. Daktari Mkunga, naomba nikuulize kuhusu dada yangu. Alijifungua mwaka jana mwezi wa nne. Damu ilimtoka sana, alizimia, akaongezwa chupa tatu. Mtoto mzima. Lakini maziwa hayakutoka hata tone, tukasema ni mshtuko, mtoto akalelewa na ya kopo na ya ng'ombe. Sasa ni mwaka na miezi. Yuko baridi kama alivyosema Mama Gorogoro. Amepauka. Akisimama anaona giza. Mke wangu aliyemsaidia kuoga anasema hata nywele za kwapa zimeisha. Tuliposoma hapa tukampeleka akapimwa TSH, ikaja 1.9. Wakasema thairoidi ni nzuri, ana mawazo ya uzazi, aombewe na apumzike. Shemeji ana dawa za thairoidi zilizobaki, nilitaka tumjaribishie.

MkungaLurambi

Ndugu yangu, kwanza mimi si daktari, ni muuguzi. Pili, hizo dawa za shemeji ASIMEZE. Soma mpaka mwisho ndipo ujue kwa nini.

Nijibu haya: tangu ajifungue, hedhi imerudi?

Mulembe_Bungoma

Nimemuuliza mke wangu amuulize. Haijarudi hata mara moja.

MkungaLurambi

Basi nisikilize. Siwezi kumpima mtu kupitia simu, lakini hayo matano, damu nyingi wakati wa kujifungua, maziwa kutotoka, hedhi kutorudi, nywele za kwapa kuisha na kuona giza akisimama, nikiyapata kwa mama mmoja sikai chini.

Wakati wa mimba ile pituitari inakua, kwa sababu inajiandaa na kazi ya maziwa. Imevimba, inataka damu nyingi, na damu inayoifikia haina msukumo mkubwa. Mama akivuja sana presha ikaanguka, tezi hiyo inaweza kukosa damu na sehemu yake ikafa. Daktari wa Uingereza, Sheehan, aliuandika ugonjwa huu mwaka 1937 na bado unaitwa kwa jina lake. Nchi zao sasa hauonekani sana kwa sababu mama anayevuja hufikiwa haraka. Huku kwetu barabara unazijua.

Sasa rudi kwenye steji ya Mama Gorogoro. Yeye gari lilikuwa tupu na makanga akapiga kelele, tukasikia, tukajua. Kwa dada yako anayeweza kuwa mgonjwa ni makanga mwenyewe. Gari ni tupu, lakini steji kimya. Ukipima kelele peke yake utapata 1.9 na kusema gari limejaa. Ndiyo maana TSH peke yake haitoshi hapa, lazima T4 ipimwe pamoja nayo. T4 ikiwa chini na TSH imekaa tu "kawaida", hiyo si kawaida. Kwa T4 iliyo chini, TSH ilipaswa kuwa inapiga mayowe.

Na makanga huyu haiti thairoidi peke yake. Ndiye anayeita adrenali zitoe kotisoli, ndiye anayeita ovari, ndiye anayetoa prolaktini ya maziwa. Ndiyo maana vyote vilizima pamoja.

Kwa nini nilikupigia kelele juu ya dawa: thairoksini inaharakisha mwili wote, na ile kotisoli kidogo aliyobaki nayo itateketezwa haraka, na adrenali hazina wa kuziamsha. Mtu anaweza kuanguka asiinuke. Kotisoli inarudishwa KWANZA, thairoksini baadaye. Mpeleke hospitali kubwa, aonane na daktari wa magonjwa ya ndani, wapime kotisoli ya asubuhi, saa mbili hivi, na T4. Mwambieni historia ya damu kabla ya kitu kingine chochote, hata asipouliza. Akianza kutapika au kuhara kabla ya hapo, msisubiri siku ya kliniki.

MamaGorogoro

Mulembe, nenda kesho. Usingoje Jumatatu.

Omosh_Dunga

Sista Mkunga, mimi nimenyamaza na omena zangu. Lakini niulize: ile sindano wanayomdunga mke wangu pajani mtoto akitoka tu, ni ya kuzuia haya?

MkungaLurambi

Ndiyo hiyo. Oksitosini, yuniti 10, homoni nyingine ya njegere hiyohiyo ila ya sehemu yake ya nyuma. Inakaza mji wa mimba ili mishipa iliyokuwa inalisha kondo la nyuma ibanwe. Inatengenezwa kiwandani, lakini mwili hautofautishi. Shida yake ni joto. Inatakiwa friji, nyuzi 2 hadi 8. Ikikaa wiki nyingi kwenye joto zahanati kwa sababu stima imepotea na friji imekuwa kabati, unaweza kuwa unadunga dawa iliyoishiwa nguvu. Nimeshika tumbo la mama baada ya sindano ya namna hiyo, laini kama unga uliokandwa, huku damu inashuka kwenye ndoo. Nilijua kabla sijaitazama chupa. Siku hiyo tulimsugua tumbo kwa zamu mpaka gari lifike.

Mulembe_Bungoma (wiki tatu baadaye)

Nimerudi. Samahani kwa kukaa kimya, tulikuwa njiani kila siku.

Daktari wa kwanza alitaka kuturudisha nyumbani kwa sababu ya ile 1.9. Mke wangu akakataa kuinuka kwenye kiti. Akasema, "Andika kotisoli na T4, tutalipa." Majibu: T4 chini, kotisoli ya asubuhi chini sana, TSH imerudi ileile, haishtuki. Yule daktari akayatazama muda mrefu, akatutafutia mkubwa wake. Tukapelekwa Eldoret kwa picha ya MRI, wakasema kile kijumba cha tezi kiko karibu kitupu.

Alianzishiwa haidrokotisoni siku hiyohiyo, nyingi asubuhi na kidogo alasiri. Siku ya tatu aliomba chakula mwenyewe. Jamani, mtu ambaye mwaka mzima tunamlisha kwa kumsihi! Aliomba ugali, tena akalalamika kwamba mboga haina chumvi. Wiki ya pili wakaongeza thairoksini. Jana nilimkuta nyuma ya nyumba anapepeta maharagwe, amevua sweta ameitundika kwenye mti, na mtoto amekaa kwenye vumbi la maganda anamtazama kana kwamba ni mgeni.

Maziwa hayatarudi, walitueleza wazi. Hedhi watazungumzia baadaye. Dawa ni za maisha.

MamaGorogoro

Nimelia dukani. Mteja ameniuliza kama ni pilipili.

MkungaLurambi

Nimefurahi hadi nimewasomea wenzangu wa zamu. Sasa moja la mwisho, Mulembe, na ulishike. Mtu mzima akishikwa na homa kali, adrenali zake zinaongeza kotisoli mara kadhaa zenyewe. Za dada yako haziwezi. Kwa hivyo akipata malaria au homa, dozi ya haidrokotisoni inaongezwa maradufu siku hizo, kwa maelekezo ya daktari wake. Akitapika asiweze kuiweka tumboni, adungwe, haraka, ndipo mambo mengine. Na asitembee bila karatasi inayosema hivyo, kwa sababu siku akizimia sokoni hatakuwa na mdomo wa kueleza.

Mulembe_Bungoma

Karatasi daktari alituandikia, kwa Kizungu. Mke wangu akaandika nyingine kwa Kiswahili, na nyuma yake kwa Kibukusu kwa ajili ya mama yetu: "Natumia haidrokotisoni. Nikizimia nidungwe haidrokotisoni kwanza." Ameifunga kwa nailoni isilowe. Dada anaiweka kwenye pindo la leso, fundo moja na pesa ya posho mili.

Papaa_Busia

Fundo hilo halipotei. Mwalimu, binti yangu ameuliza: na kahawa je, inazuia dawa ya thairoidi kama chai ya maziwa?

MwalimuChaki

Inazuia, hata ikiwa ya rangi. Maji, Papaa. Maji na saa moja.